Bolti Nne za Upande wa Maji

Pikapu ya mwuza maziwa ilirudi gereji siku ya kumi na tisa tangu ilipotoka, na ilirudi ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe aliteremka, akafunga mlango polepole kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

"Mafundi, habari za kazi. Nimekuja na swali moja tu. Kati yangu na nyinyi, nani anauza maziwa?"

Fundi mmoja, aliyeitwa Mdogo, alisogea. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama. Oili ilikuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, nzito, ina povu. Maji ya rejeta yalikuwa yameingia kwenye oili. Fundi akiona hivyo hahitaji kuambiwa zaidi.

"Gasketi hiyo," alisema kaka yake kutoka nyuma. Ni kizibo chembamba kinacholazwa kati ya bloku, mwili wa injini, na kichwa chake. "Gasketi za siku hizi ni karatasi za daftari. Utuwie radhi, mama. Acha gari, tutaifungua."

"Naacha, nitafanya nini? Ila safari hii msiikamue."

Gereji ile ilikuwa ya ndugu wawili. Mdogo alikuwa na miaka hamsini na miwili, mvi kidevuni na wajukuu wawili, lakini jina la Mdogo lilimganda tangu siku aliyoingia pale akimfuata kaka yake, na wateja wengi walidhani ndilo alilopewa na mama yake. Kaka mtu aliitwa Robo. Jina lilitokana na mkono wake. Alikuwa akimkuta fundi amekaza bolti na ameridhika, anashika spana, anaigusa kidogo tu, anasema, "Bado robo." Wanabisha. Inaletwa spana ya mshale, ile ndefu inayoonyesha kwa namba umekaza kwa nguvu kiasi gani, na inakuta kweli imebaki robo mzunguko. Mafundi wa mtaa mzima walikuja kubishana naye, na wote waliondoka kimya.

Lakini Robo mwenyewe hakujisifia kukaza. Alijisifia kupaka. Kwenye meza yake vilikaa vitu vitatu, na ole wako uvihamishe: kopo la oili ya injini, kopo la grisi nyeusi, na tyubu ya gundi nyeupe ya kuzuia maji. Mdogo alipokuwa kijana aliwahi kupaka bolti za kichwa cha injini grisi nyeusi, kwa kuona kwamba ni nzuri zaidi na ni ghali zaidi. Akakaza mpaka namba ya kitabuni. Bolti mbili zikakatikia ndani. Robo hakumpiga wala hakumtukana. Alimkalisha kwenye tairi akamwambia maneno ambayo Mdogo angeweza kuyarudia akiwa usingizini.

"Spana haijui bolti imeshika vipi. Inajua ugumu wa kuizungusha, basi. Ukiipaka kinachoteleza sana, spana itakwambia bado, na wewe utaendelea, na bolti huko ndani inavutika kama ulimbo. Ukiiacha kavu itakwaruza, spana itakwambia tayari, nawe utaamini, kumbe kichwa hakijashikwa. Namba ya kitabuni ina mafuta yake. Usichukue namba ukaacha mafuta."

Injini ya pikapu ile ilikuwa na bolti kumi za kichwa. Nne, za upande wa ekzosi, bomba la kutolea moshi, mashimo yake yametoboka mpaka kwenye maji yanayopoza injini. Hizo zinapakwa gundi kwenye nyuzi, ile mikato inayozunguka bolti, la sivyo maji yanapanda kwa kufuata nyuzi, yanatokea juu, yanaingia kwenye oili. Sita zilizobaki mashimo yake yana kitako, hayatokei popote. Hizo zinataka tone la oili kwenye nyuzi na tone chini ya kofia ya bolti, na shimo lenyewe liwe kavu kabisa, kwa sababu kimiminika hakikubali kubanwa. Shimo likiwa na mafuta na wewe ukashusha bolti, mafuta hayana pa kwenda. Kitakachotoa njia ni chuma.

Saa saba Robo alipokwenda kula, Mdogo alibaki na pikapu. Alilegeza zile nne za upande wa ekzosi kwanza. Ya kwanza ilitoka inang'aa kwa oili, haina hata alama ya gundi. Ya pili vilevile, na ya tatu, na ya nne. Akaenda upande wa pili akafungua moja ya zile sita. Ilitoka na gundi nyeupe iliyokauka kwenye nyuzi, imepakwa vizuri, kwa unadhifu, kama kazi zote za Robo.

Oili na gundi zilikuwa zimebadilishana mahali. Gasketi haikuwa na kosa.

Mdogo alikaa kwenye tairi na bolti mkononi. Kusahau kila mtu anasahau. Fundi anatafuta spana iliyo mfukoni mwake, watu wanacheka, siku inapita. Lakini mwezi mmoja nyuma Robo alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye injini akauliza, "Dada mbona hajapita leo?" Dada yao alikuwa na miaka sita kaburini. Mdogo alijibu, "Atapita," akaendelea na kazi, na tangu siku ile alikuwa anajifanya hakusikia kitu. Sasa kitu chenyewe kilikuwa mkononi, kina uzito na kimeganda gundi.

Alifunga gereji akaenda kwa shemeji yake, mke wa Robo. Alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwake.

"Shemeji, umekuja saa za kazi. Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi ni kaka yako." Aliondoa mguu kwenye pedeli. "Kaa. Anakula ndani, hawezi kutusikia. Kafanya nini?"

Mdogo alimweleza. Alieleza kwa ufupi, maana shemeji hakuwa fundi wa injini, lakini miaka thelathini na tano ya kusikiliza habari za bolti mezani ilikuwa imemtosha.

"Zile za maji," alisema. "Kakosea zile za maji?"

"Zote nne."

Shemeji alikata uzi kwa meno. "Mwezi uliopita aliniuliza kama nimeolewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimeolewa na fundi mmoja, mbishi kweli. Akaniambia pole."

Walicheka, wote wawili, kisha hakuna aliyejua pa kutazama.

"Nataka kumwambia aache," alisema Mdogo. "Leo ni oili imeharibika. Kesho breki. Mtu atakufa kwa sababu yetu."

"Usimtoe, shemeji. Nakuomba kama mke wa kaka yako. Hapa nyumbani hajui kukaa. Jumapili moja tu ananing'olea vitasa vyote milangoni, anavitia grisi, halafu hajui kipi kilitoka wapi. Kule gereji bado ni mtu. Ukimtoa, nitakaa na nani hapa? Na kivuli?"

"Na gari la mtu?"

"Una macho. Mtazame. Mpe hiyo hiyo pikapu aifunge upya, na wewe usimame mgongoni kwake. Akiiweza, muache afanye kazi hata mwaka. Akiikosea, mwambie. Sitasema neno."

"Nimwambie mimi?"

"Nani mwingine? Mimi hata hajui kama nimeolewa."

Wakakubaliana hivyo. Injini moja ingeamua.

Siku ya kufunga, Robo alifika mapema, ovaroli imefuliwa, amechangamka. Mdogo alikuwa amemwambia gasketi iliungua, na Robo akaitukana gasketi ile asubuhi nzima. Aliosha mashimo kwa desturi yake: anamimina mafuta ya taa ndani ya kila shimo yalainishe uchafu, anazungusha mswaki mwembamba, kisha anapuliza kwa bomba la hewa mpaka shimo likauke. Mafundi wengine wanapuliza tu. Robo alisema kupuliza bila kuosha ni kufagia chumba bila kuinua kitanda.

Mdogo alimulika tochi shimo kwa shimo. Yalikuwa makavu yote kumi.

"Unanikagua?" aliuliza Robo.

"Najifunza."

"Umri huu? Utamaliza lini?"

Kisha bolti. Robo alizisimamisha kwenye ubao wenye matundu kumi, kila moja mahali pake kama itakavyokaa kwenye injini. Mdogo alisimama nyuma, mikono mfukoni, kama mzazi nje ya chumba cha mtihani. Robo alichukua tyubu ya gundi. Mkono ulisita juu ya ubao. Ukaelea upande wa zile sita. Ukasimama hapo kwa muda ambao Mdogo hakuweza kuupima. Halafu ukarudi, ukaenda upande wa ekzosi, na Robo akapaka gundi kwenye bolti ya kwanza ya maji, ya pili, ya tatu, ya nne, akipitisha kidole kuzunguka nyuzi. Akafuta kidole. Akachukua oili, akatonesha zile sita, tone kwenye nyuzi, tone chini ya kofia. Grisi nyeusi hakuigusa.

"Haya, fundi," alisema bila kugeuka. "Nimepita?"

"Umepita, Kaka."

Wakati ule mwuza maziwa alifika getini. Mdogo alinawa mikono haraka kwa sabuni, akatoka kumpokea, na alikuwa na furaha kiasi kwamba alimshika mkono yule mama kwa mikono miwili.

"Kesho unaondoka nayo."

"Mbona unacheka peke yako? Umeshinda nini?"

"Kaka yangu mwenyewe kaifunga."

"Si ndiye aliyeifunga mara ya kwanza?"

"Hii ni tofauti," alisema Mdogo, na akasimama pale kuzungumza zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu mtu aliyetua mzigo hana haraka.

Aliporudi, gasketi mpya ilikuwa imelazwa juu ya bloku ya injini, imekaa sawasawa, na Robo anamsubiri wainue kichwa. Mashimo yalionekana meusi kama yanavyoonekana mashimo yote. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwepo, lakini gereji ile ilinuka mafuta ya taa tangu ilipojengwa. Tochi ilikuwa mfukoni. Alishamulika. Waliinua kichwa wakakilaza, wakashusha bolti moja moja.

Robo alishika spana ya mshale, Mdogo akasoma namba kwa sauti. Bolti za kichwa hazikazwi mara moja. Zinakazwa kwa mizunguko mitatu, kuanzia katikati kwenda nje. Mzunguko wa kwanza, kwenye bolti ya saba, mojawapo ya zile sita, Robo alisimama.

"Hii nzito."

"Namba iko sawa," alisema Mdogo.

"Namba iko sawa, ila nzito. Haijagusa kichwa na tayari inanisukuma."

"Kutu kidogo kwenye nyuzi. Endelea, Kaka."

Robo alimtazama. Siku zote ni Robo aliyesema endelea na Mdogo aliyetii. Safari hii alitii Robo. Mzunguko wa pili hakusema kitu. Mzunguko wa tatu, kwenye bolti ile ile ya saba, ulisikika mlio mdogo, tak, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Mshale wa spana ukaanguka.

Ubavuni mwa bloku, chini kidogo ya gasketi, ulitokea mstari mwembamba wa unyevu, ukashuka, ukaanza kudondoka sakafuni. Mdogo aligusa akanusa. Mafuta ya taa. Bloku ilikuwa imepasuka.

Hapo akaelewa yote. Alipokuwa getini, Robo aliyatazama mashimo yale, hakukumbuka kwamba ameshayaosha, akaanza kuyaosha tena, kwa kuanzia na lile la saba. Akamimina mafuta ya taa. Kisha kitu kikakatika kichwani mwake kati ya kumimina na kupuliza, akachukua gasketi.

"Nani ameosha mashimo haya?" aliuliza Robo. Aliuliza kwa sauti ya chini, na usoni alikuwa yeye mwenyewe kabisa, yule wa zamani.

"Mimi," alisema Mdogo.

"Ukamimina mafuta ya taa."

"Ndiyo."

"Ukasahau kupuliza."

"Nikasahau."

Robo aliweka spana mezani. "Nilikwambia nzito. Sikukwambia? Mkono wangu ulikuwa unaniambia, na wewe ukaniambia kutu." Alivuta pumzi. "Mdogo wangu, mimi na wewe tumetoka mbali, na nitasema hili mara moja. Bolti iliyokatika unaitoa. Gasketi unabadilisha. Hii haitengenezeki. Fundi anayemimina akasahau kupuliza, siku nyingine atafungua breki akasahau kufunga. Huyo asiguse tena gari la mtu. Awe ndugu yangu, awe mwanangu, aondoke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kesho usije."

Mdogo aliinamisha kichwa. Ndiyo maneno aliyokuwa ameyatafuta tangu siku ile barazani, na hakuwa ameyapata hata nusu. Sasa alikuwa ameyasikia yamekamilika, yamesemwa na yule yule aliyestahili kuambiwa. Alifikiri: nikinyamaza, yataishia hapa. Atadhani ni mimi, kesho atasahau.

Lakini Robo alikuwa bado amesimama. Aliinua mkono wake wa kulia akanusa vidole. Akavinusa tena. Akauvuta mkono wa Mdogo, akaunusa nao.

"Wako unanuka sabuni," alisema.

"Nilinawa."

"Wangu hauna sabuni." Aliuachia. Alitazama ubao, kisha kopo la mafuta ya taa lililokuwa karibu na kiti chake. "Mdogo. Ni mimi, siyo?"

Mdogo aliokota kitambaa, akaanza kufuta mafuta sakafuni.

"Na ile ya kwanza? Maziwa yale?"

"Gasketi, Kaka."

"Usinidanganye mara mbili kwa siku moja."

"Zile nne za maji," alisema Mdogo. "Ulizitia oili. Gundi ukaitia kwa zile sita."

Robo alikaa kwenye tairi. Akasugua goti. "Nilisema nini sasa hivi? Kuhusu huyo fundi."

"Achana na hayo."

"Nilisema nini?"

"Ulisema aondoke."

"Nilisema kweli," alisema Robo. Alifungua vifungo vya ovaroli, akaivua, akaikunja vizuri. Wakatembea pamoja mpaka nyumbani, na njiani Robo alizungumzia mambo ya kawaida, bei ya matairi, ukuta wa jirani ulioegama. Shemeji aliwaona wanakuja saa nane mchana, akazima cherehani. Hakuuliza. Aliahidi hatasema neno, na hakusema.

Bloku nyingine Mdogo aliitafuta mwenyewe, na hilo lilibaki kati yake na mwuza maziwa.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, Robo aliingia gereji kama kawaida. Alikuwa na ovaroli nyingine, ya zamani.

"Vipi, pikapu tunafunga leo?"

Mdogo alikuwa na oili mikononi mpaka kwenye viwiko. Alimtazama usoni akitafuta dalili ya utani. Haikuwepo.

"Kaka, kaa kwanza," alisema.

Akamweleza yote tangu mwanzo. Robo alisikiliza kama fundi anavyosikiliza. Aliuliza ni shimo lipi, spana ilisoma ngapi, mlio ulikuwaje, ufa umeelekea wapi. Aliposikia yote alitikisa kichwa. "Na fundi mwenyewe nani?"

"Wewe, Kaka."

Robo akasema lile lile, karibu kwa maneno yale yale: fundi wa namna hiyo asiguse gari la mtu. Akili iliyobaki ilikuwa ya fundi, na haikujipendelea. Akainuka akaondoka. Mdogo, mwenye injini mezani na mteja getini, alimwacha aende peke yake.

Siku ya tatu ikawa hivyo hivyo. Jioni shemeji alikuja gereji, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Leo kafika nyumbani saa kumi," alisema. "Alikuwa amekaa kwenye daraja la mtaro. Jirani kamuuliza, mzee, vipi? Akamwambia, nimefukuzwa kazi. Na nani? Akasema hajui, ila alistahili."

Mdogo alianza kukusanya spana.

"Sikulaumu," alisema shemeji. "Nakwambia tu."

Siku ya nne Mdogo hakwenda gereji kwanza. Alikwenda nyumbani kwa kaka yake kabla ya saa moja. Robo alikuwa barazani, anafunga viatu, ovaroli imening'inia begani. Alishangaa, akafurahi.

"Umenifuata? Leo tuna kazi nyingi? Pikapu tunafunga?"

Mdogo alikuwa ameamua kwamba kama maneno yale lazima yasemwe kila siku, yatasemewa hapa, ambapo mtu akishaambiwa yuko kwake tayari, hana safari ya kurudi peke yake.

"Kaka," alisema, "acha viatu kidogo."

Robo alimtazama. Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi ya kukaa.